Mwenye Tenga la Kufukizia

Usiku ule nililala nimeukasirikia ulimi wangu mwenyewe. Kesho yake ilikuwa hitima ya wazee wetu, ile tunayoisoma kila Shaabani kabla mwezi wa kufunga haujaandama, na mimi ndiye mtaja majina. Ustadhi hukaa ukumbini na wanaume, mimi hukaa nyuma ya pazia na wanawake, nampa majina ya marehemu moja moja naye anawaombea. Karatasi sijawahi kushika. Shule niliiachia darasa la pili, lakini jina la mtu likishaniingia haliondoki. Marehemu wote wa mtaa wetu hapa Tanga ninao, tangu wale alionifundisha bibi yangu, Mosi binti Hatibu: wao, na baba zao, na nani alikuwa na kigugumizi, na nani alikuwa hali papa.

Mwaka huu jina moja likanitoka.

Tena si la mtu mwenye watoto, niseme nitakwenda kugonga mlango niulize. Ni la yule mama aliyepanga chumba chetu cha uani nilipokuwa mtoto. Alitoka bara, Unyamwezini, amemfuata mumewe kwenye mashamba ya mkonge. Mume akafa, yeye akabaki. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za harusi kwa mkaa wa vifuu vya nazi, kisha kuzitandaza juu ya tenga lake la mianzi na kuzifukiza udi. Mtaa mzima ukamwita Mama Pasi, na hilo Mama Pasi likalimeza jina lake. Siku aliyozikwa, bibi yangu aliniita uani, akaniinamia, akaninong'oneza jina kamili sikioni. Kisha akasema, "Huyu hana mtu. Wewe ndiye mtu wake."

Toka siku ile sijawahi kumruka. Sasa nimtaje nani?

Wifi yangu Mwanakombo, tulipokuwa tunachagua mchele wa hitima, alinicheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani.

"Si umtaje Mama Pasi tu, wifi! Kwani Mwenyezi Mungu anaulizia anuani?"

"Na wewe ukifa tukutaje Mama Domo?"

Wanawake wakaangua kicheko, hata yeye. Nami nikacheka. Lakini moyoni nilikuwa kama mtu aliyemfungia mgeni nje na mvua inanyesha.

Baada ya swala ya isha, mjukuu wangu Zuhura akaniona nimejiinamia. Huyu anasoma chuo kikuu, alikuja likizo, na kompyuta yake haimbanduki mapajani. Akapigapiga mkeka. "Njoo, Bibi. Njoo nikuoneshe mkaa."

Nikatazama. Naona ukuta mweusi umejaa vitundu na mikunjo, na vidonge vidogo vya buluu vinaruka huku na huku kama kumbikumbi.

"Mkaa gani huu hauna jivu?"

"Wa vifuu, Bibi. Tumeukuza mpaka ndani yake panaonekana. Hivi vya buluu ni gesi, ile itokayo kwenye samadi ya ng'ombe. Nataka nijue mtungi wa gesi ukijazwa mkaa wa vifuu utabeba kiasi gani."

"Ukishaujaza mkaa, gesi yenyewe itakaa wapi?"

"Hapo ndipo penye utamu! Mtungi wenye mkaa unabeba gesi nyingi kuliko mtupu, kwa kuisukuma kwa nguvu ileile."

"Muongo mkubwa wewe."

"Wallahi, Bibi! Mkaa ndani yake ni kuta tupu, zimekunjwa, zimekunjuliwa, zimekunjwa tena. Gesi ikifika ukutani inanata, inakaa karibu karibu. Kwenye mtungi mtupu inazurura tu, haina pa kushika."

Akaniambia kwamba kompyuta haipigi picha ya kitu, inaigiza kwa hesabu. Kama mtu anayerusha dadu: hiki kidonge kikae, au kiondoke, au kisogee pale? Inarusha tena, na tena, haichoki. Nikakaza macho, na kweli. Vilivyotua ukutani peupe vilikaa kidogo vikaruka, vingine vikaja mahali pao. Lakini vilivyoingia kwenye vitundu vyembamba vilitulia tuli, ukuta umevishika huku na huku.

"Vile havitoki?"

"Vinatoka. Ila mpaka upashe moto."

Akabonyeza. Vidonge vya ndani vikaanza kutetemeka, kimoja kikachomoka, na kingine, na kingine, mpaka kioo chote kikachemka buluu. Nikapiga makofi! Mtu mzima mimi, nikapiga makofi kama mtoto aliyeona ngoma.

Nikaenda kulala na buluu ile bado iko machoni.

Nikajikuta nimesimama mahali peusi, pana joto la jikoni. Hapakuwa uani kwetu. Nilikuwa ndani ya mkaa, na nilijua hivyo kama mtu ajuavyo mambo ndotoni, bila kuambiwa. Kuta zilikwenda juu nisione mwisho, na kila ukuta ulikuwa na baraza, na ndani ya baraza kuna kona, na ndani ya kona kuna baraza nyingine. Mahali fulani dadu zilikuwa zinarushwa, nikizisikia zikigonga ubao.

Na kutoka juu vinashuka vitaa vya buluu. Vinashuka polepole, vinaelea, kimoja kinagusa baraza, na hapo kilipogusa ameketi mtu.

Namjua! Ni Shebe bin Kombo, fundi viatu, amekunja mguu wake mbovu vilevile. Kingine kinagusa: Mwanahamisi binti Juma, aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kisa chake. Kingine: Rajabu Mapengo, na meno yote anayo. Naita, wanaitika. Naita Salima binti Feruzi, anainua mkono. Naita Hatibu, baba wa bibi yangu, ambaye sikumwona duniani, naye ananitazama kama aliyekuwa akinisubiri. Dadu zinagonga, mmoja anainuka, mwingine anaketi, na hakuna anayempakata mwenzake, kila mtu na mahali pake. Nami nazunguka katikati yao, kanga inanidondoka, siiokoti, naita kwa sauti yote niliyonayo, na kila jina ninaloliita linatoka zima, halina ufa. Mahali pamejaa, na bado wanaingia. Kadiri panavyojaa ndivyo panavyopatikana nafasi.

Halafu naona ufa.

Uko chini, kwenye kona ya kona, mwembamba kama ufa wa mlango. Na ndani kabisa kipo kitaa kimoja. Hakisogei. Dadu zinagonga, wengine wanainuka na kuketi, chenyewe kimetulia palepale. Najua ni nani. Naujua ule utulivu, wa mtu aliyesimama siku nzima kwenye meza ya kupigia pasi. Nafungua kinywa.

Hakitoki kitu.

Dadu zinanyamaza. Marehemu wote wananigeukia, nami nimesimama mbele yao kinywa wazi.

Bibi yangu Mosi yuko kando yangu. Sikumwona akija. Ni kijana kuliko mimi sasa, na fundo la kanga kalifunga ubavuni, kama alivyokuwa akifunga.

"Bibi," nikamwambia, "nipe jina lake."

"Nilikwisha kukupa."

"Limenitoka."

Akatikisa kichwa. Akainama, akaweka viganja vyake viwili kwenye ule ufa, kama mtu anayekinga mshumaa.

"Halikukutoka. Limeingia ndani mno."

Ukuta ukawa ukuta wa jikoni kwetu. Ufa ukawa msumari, na kwenye msumari limetundikwa tenga la kufukizia nguo, lile lile la Mama Pasi lililobaki kwetu alipokufa, lenye ukingo ulioungua upande mmoja. Bibi hakuwa bibi tena, ni viganja tu, na sauti.

"Kilichoingia ndani hakitoki kwa kupigiwa kelele. Kipashe moto."

Na mimi ni mtoto. Nimeshika pasi kwa mikono miwili, nzito, vifuu vinawaka ndani yake vyekundu. Mbele yangu kuna kanzu nyeupe. Nyuma yangu amesimama mtu, naliona joto lake mgongoni, na mkono wake unakuja juu ya mkono wangu kuusaidia.

"Taratibu, mwanangu," anasema, kwa ile lafudhi yake ya bara. "Hii ya bwana harusi."

Nageuka nimwone uso...

Adhana ya alfajiri.

Nikainuka kitandani kama msichana. Magoti yangu, ambayo kila asubuhi huwa tunashauriana kwanza, siku ile hayakuulizwa. Nikaenda jikoni, nikalitungua tenga kwenye msumari. Nilikuwa nimeliacha pale miaka, sijalitumia, halinukii chochote ila vumbi. Nikawasha vifuu, vikashika, nikavitia kwenye chetezo. Udi sikutia. Ubani sikutia. Nilitia moto mtupu, nikakifunika chetezo kwa lile tenga, nikakaa kitako chini.

Kwanza lilitoka vumbi. Halafu masizi. Halafu, mwenzangu, ikaanza kuja taratibu, kutoka ndani ya mianzi yenyewe, harufu ya udi wa zamani, wa harusi ambazo maharusi wake wamekwisha kuzikwa. Na chini ya udi harufu ya wanga ulioungua kidogo chini ya pasi. Na chini ya wanga, likiwa zima, likiwa na baba yake, likaja jina.

Nilipiga ukelele! Nikakimbilia chumbani kwa Zuhura, nikamvuta mguu.

"Amka! Amka, limetoka!"

"Nini, Bibi? Nyoka?" Amekwisha kusimama juu ya kitanda.

"Jina! Jina limetoka!"

Nikamburuta mpaka jikoni. Akapiga magoti, akaliinamia tenga, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Nikamsimulia yote, ufa na kitaa na viganja. Akanitazama, midomo inamcheza, hajui acheke au alie.

"Bibi, nani alikwambia upashe moto?"

"Wewe. Na bibi yangu."

Nikamshika bega. Nikaweka kinywa changu sikioni mwake, kama nilivyowekewa mimi, nikamnong'oneza jina kamili. Nikamwambia alirudie. Akalirudia. Tena. Akalirudia tena, halina ufa.

"Huyu alikuwa hana mtu ila mimi," nikamwambia. "Sasa ana wewe."

Mlango wa uani ukalia. Ni wifi yangu Mwanakombo, amewahi kuja kuinjika wali wa hitima, sufuria kichwani. Akasimama kizingitini, pua juu.

"Makubwa! Nani huyo anayefukiza nguo alfajiri yote hii?"

Nikamgeukia, nikajipangusa masizi usoni, nikamjibu kwa sauti ya kumfikia hata ustadhi kwake:

"Nyamizi binti Maganga."