Pini Mbili Mfukoni mwa Papa

Papa alikuwa mtu wa kufunga. Kabati la sukari lilikuwa na kufuli, sanduku la redio lilikuwa na kufuli, na choo cha uani, ambacho hakuna mwizi aliyewahi kukitamani, kilifungwa kwa waya. Mama alimtania kwamba siku ya kufa kwake atalifunga jeneza kwa ndani. Papa hakucheka. Alisema huu ni mji ambao mtu akitoka kununua chumvi anaweza asirudi kwa mwezi mzima, na aliyesahau kufunga ndiye hulia mara mbili.

Kazi yake ilikuwa pampu ya maji pale Kituku, ukingoni mwa ziwa. Injini ilikaa juu ya mawe meusi, ikivuta maji mbali kidogo na ukingo, mahali yalipo safi, na kuyasukuma kwa mpira mnene hadi kwenye tangi lililokuwa juu ya mteremko. Pale tangini yalitiwa dawa, na wanawake wakapanga bidoni zao, madumu ya njano. Mpira na pampu viliungana kwa kiungo cha chuma: mdomo mmoja unaingia ndani ya mwingine, kisha vishikio viwili, ambavyo papa aliviita masikio, vinakunjwa na kubana pande zote mbili. Kuunganisha ni kufumba na kufumbua. Kuachana pia ni kufumba na kufumbua, na hapo ndipo penye shida. Injini ikinguruma kutwa nzima, sikio hutikisika, hulegea, mwisho hujifungua lenyewe, na mpira huruka na chuma chake. Kwa hiyo kila sikio lina tundu, na ndani ya tundu huingia pini ndogo yenye pete, fupi kuliko kidole. Pini ikiwa mahali pake, sikio halifunguki hata upigane nalo. Mafundi wa Birere huziita gupiye, kwa Kifaransa chao cha gereji. Papa alizipenda kuliko injini yenyewe.

Mlima ulipopasuka na anga likawa jekundu, sisi tulikuwa tumekwisha kujitwika magodoro, lakini papa aliteremka kwanza Kituku. Mama alimngoja barabarani akiwa na sufuria kichwani na hasira kifuani. Papa alirudi akitweta, akagonga mfuko wa shati, tukaanza safari ya Sake pamoja na mji mzima. Hakuwa peke yake katika wazimu huo. Kwetu anayekimbia huondoka na kitu cha kufungia. Kambini niliwaona watu wakilala na funguo shingoni, funguo za nyumba ambazo wakati ule zilikuwa tayari chini ya mawe ya moto.

Tuliporudi, pampu ya jirani yetu ilikuwa imekufa. Watu wasiojulikana walikuwa wameiwasha, wakaiendesha hadi injini ikakwama. Yetu haikuguswa. Kila mtu wa Kituku aliyaona yale masikio hayana pini, na hakuna aliyetaka kupoteza meno kwa ajili ya maji ya bure. Papa alisimulia habari hiyo kwa miaka. Aliwasimulia wageni, mashemasi, hata watu waliokuja kutupa pole ya msiba. Nilifika mahali nikamchukia kidogo kila alipoanza na maneno “siku ile ya volkano”.

Kisha waasi wakaingia mjini. Mabomu yalilia kwanza huko juu, halafu karibu, halafu yakanyamaza, na ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Habari zikafika kwamba wanaume wanakamatwa na kubebeshwa masanduku ya risasi, na anayebebeshwa harudi. Mama alimwambia papa aondoke. Yeye angebaki kulinda nyumba, na mimi ningebaki naye, kwa sababu nilikuwa binti mkubwa na hakuna aliyeniuliza. Mtumbwi wa injini ulikuwa unapakia wanaume kwenda kisiwani Idjwi, hatua chache tu kutoka kwenye pampu. Tulimsindikiza. Nilimwona akiinama penye kiungo, akainuka, akagonga mfuko wa shati. Mama alimuona pia. Lilikuwa jambo la kawaida kama mtu kuchukua kofia yake.

Umeme ulikatika, na mabomba ya mji yakakauka. Watu walianza kuchota pale pale ukingoni, ambapo vilikuwa vinaelea vitu ambavyo sitaviandika. Watoto wakaanza kuhara. Wanawake walimjia mama uani wakiwa na bidoni tupu.

“Mama, utufungulie maji,” mmoja wao alisema. “Batoto banaisha.”

Mama alijua kuiwasha injini. Papa alipokuwa na malaria, yeye ndiye aliyeshuka Kituku. Alitafuta pini nyingine nyumba nzima, hata kwenye kopo la misumari. Birere, kwenye vipuri, palikuwa pamefungwa, na maduka ambayo hayakufungwa yalikuwa yameporwa. Basi akachukua mpira wa kufungia mizigo, ule unaokatwa kwenye tairi la ndani la pikipiki. Huku kwetu mpira huo hufunga kila kitu: mbuzi kwenye pikipiki, magunia ya makaa kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, mlango usio na komeo, hata mguu uliovunjika. Aliyazungushia masikio yote mawili, akakaza kwa goti, akapiga fundo. Maji yakapanda. Wanawake walishangilia kule juu, na mama akatabasamu kama mtu aliyeshinda mabishano na mumewe.

Siku za kwanza mpira ulishika. Lakini mpira si chuma. Ukiloa na kuvutwa kutwa, hunyooka. Asubuhi moja tangi lilijaa, na mtu mmoja huko juu akafunga koki bila kutuambia tuzime. Maji yakakosa pa kwenda, yakarudisha nguvu yake chini kwetu. Kiungo kikaanza kufoka pembeni. Mama aliinama akaze fundo. Sikio moja likafunguka, la pili likalifuata, na mpira ule mnene ukainuka na chuma chake mdomoni ukampiga usoni.

Nilizima injini. Hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri, kwamba kwanza nilizima injini, kisha nikamgeukia mama. Jicho la kushoto halikutazamika.

Hospitali watu walilala hadi kwenye veranda. Muuguzi alipita akiuliza kila mmoja swali lile lile, risasi au bomu, maana wiki ile hapakuwa na lingine.

“Masasi ao bombe?”

“Bombe,” mama akajibu, damu mdomoni.

Nilidhani amechanganyikiwa. Muuguzi alipoondoka, alinishika mkono kwa nguvu.

“Usimuambie. Unamujua papa yako. Akijua ni ile gupiye, ile mashini hataigusa tena. Atakaa tu pale nyumbani, mutu ya kufa mwenye anapumua. Unasikia?”

“Ninasikia, mama.”

Sikulia. Watu husimulia kwamba moyo uliwauma. Wangu haukufanya lolote. Ulikuwa kama taya lililochomwa sindano ya ganzi: unajua ni lako, lakini ukiligusa halijibu. Nilifua nguo zake za damu, nikapika, nikamlisha. Walipomwambia kwamba jicho limekwenda, mimi niliuliza kama sabuni ya kuoshea kidonda tutainunua wenyewe.

Papa alirudi mji ulipotulia kidogo, amekonda, na shati lile lile. Alisimama mbele ya mama.

“Nini ilikupiga?”

“Bombe, muzee. Kipande tu.”

Aliuliza lilitokea upande gani, na kama lilianguka kabla au baada ya kelele. Mama alijibu yote. Alidanganya vizuri, kwa utulivu, kama anayekumbuka. Mchana ule ule papa alishuka Kituku, nami nikamfuata nikiwa na uongo wangu tayari. Kiungo kilikuwa pale pale juu ya mawe. Kwenye sikio moja bado ulining'inia mpira wa mizigo, na fundo la mama, lile lile alilofungia mizigo yake ya kuni tangu kwao Masisi. Papa alilitazama. Hakulikata. Alilifungua kwa kucha, taratibu, akaukunja mpira, akauweka chini. Akapachika pini, moja kushoto, moja kulia. Akawasha injini na kusimama akiisikiliza. Hakuniuliza kitu, na uongo wangu nikarudi nao nyumbani.

Mama alipopona, ilibidi atoe shukrani kanisani, kama kila aliyeponea chupuchupu mwaka ule. Tulibeba kuku na kikapu cha maharagwe. Mama alisimama mbele na kitambaa cheupe juu ya jicho, papa kando yake, kama inavyotakiwa kwa mume. Alilisimulia bomu. Lilikuwa limenenepa tangu hospitali: sasa lilikuwa na mluzi, na moshi, na malaika aliyelisukuma kando kidogo. Waumini waliitikia amina. Mchungaji akampa papa kipaza sauti aongeze neno.

“Bombe haikukuwako,” papa alisema. “Ni miye niliondoka na gupiye.”

Hakuna aliyeelewa. Watu walitazamana. Gupiye ni kitu gani, na kinahusiana nini na wema wa Bwana? Papa alifungua tena mdomo, na mama akamshika koti kwa nyuma, akamvuta.

“Musamehe papa,” aliwaambia waumini, akitabasamu. “Hajalala vizuri tangu arudi.”

Mtu mmoja akasema pole, kwaya ikaanza kuimba, kuku akapelekwa nyuma. Papa alibaki amesimama katikati ya wimbo, mikono imening'inia. Nilipaswa kumwonea huruma. Nilikuwa nahesabu mistari ya kitambaa cha meza ya Bwana.

Jumatatu hakuamka kwenda Kituku. Mama alimngoja hadi jua likapanda, hadi wanawake wakaanza kuita barabarani. Kisha akajifunga kitenge, akashuka mwenyewe. Tangu siku hiyo yeye ndiye mwenye pampu. Nilimuuliza mara moja kama haogopi kuinama pale. Alisema anaogopa kila asubuhi, na kwamba mafuta yamepanda tena.

Kufuli za nyumbani zote ziko wazi. Papa hatoki. Jioni mama akirudi na kuketi mlangoni, papa huleta kigoda chake na kukaa kushoto kwake, upande ambao mama haoni. Mama hugeuza kiti amtazame. Papa hunyanyua kigoda, huzunguka, hukaa tena kushoto.

“Muzee, kaa,” mama humwambia. “Nimechoka kugeuka.”

Yeye hujibu ndiyo. Kesho yake hukaa pale pale.