Mapichi Niliyoyafukia kwenye Barafu

Mwaka ule hifadhi ya bahari ilipotukataza wavuvi nyavu za juya, zile za kukokota, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mke mjamzito, na shule niliiacha darasa la nne. Shida ilianzia hapo, mwanangu, wala sitaipamba.

Nikaamua kuuza matunda. Hoteli moja ya wageni kule Utende ilikuwa na mpishi mkuu, Mama Rehema, mtu wa Lushoto, mama mwenye ulimi. Akaniagiza mapichi ya kwao, meupe na ya manjano. Yakifika mazuri, matunda yote ya hoteli nitapeleka mimi. Yakiharibika, nisionekane tena jikoni kwake.

Sasa mimi nilijua kitu kimoja tu duniani: samaki. Akitoka majini, barafu hapo hapo. Basi mapichi yaliposhuka bandarini Kilindoni, bado magumu, nikayafukia kwenye sanduku la barafu siku tano, nangoja wageni wafike. Nilijiona fundi hasa. Nikayapeleka yanang'aa.

Mama Rehema akakata jeupe, akatafuna, akanitazama.

"Haya uliyavua wapi, baba?"

Jiko zima likacheka. Nikabisha, maana nilikuwa mbishi mno. Akanisogezea kipande nile mwenyewe. Mwanangu, kilikuwa kama pamba iliyolowa, ndani kahawia, utamu hakuna. Akakata la manjano. Hilo lilistahimili, limepungua harufu tu.

"Shikamoo mama. Nifundishe." Ilinitoka kwa shida.

"Marahaba. Samaki amekufa, ndiyo maana unamkimbizia baridi. Tunda li hai. Liache liive kwanza."

Akanieleza niyaweke kivulini mpaka yanukie na kubonyea kidogo, ndipo yaingie kwenye baridi. Tena kila aina na tabia yake: ya manjano hukaa siku nyingi, yale meupe siku mbili basi. Yaliyoharibika akayapika na sukari, wageni wakaomba tena, na mimi nikapewa nafasi ya pili. Safari hiyo nilinusa moja moja. Mama Rehema akala mawili amesimama, akanipa kazi ya matunda yote ya hoteli.

Kwa hiyo ujuzi wa kazi ya jana usiuburute kwenye kazi ya leo kabla hujauliza. Ukichekwa, cheka nao, halafu uliza.

Leo nina duka Kilindoni, majokofu matatu, kila moja na baridi yake, pikipiki mbili, nyumba ya bati na minazi arobaini. Mwenyezi Mungu akujaalie zaidi ya hivyo, na akukutanishe mapema na mtu atakayekucheka usoni kisha akufundishe.