Kidole Kwenye Ramani

Mkuu wa chumba cha mawasiliano cha wapelelezi wa ulaghai, pale Kitale, hakumwelekeza mtu popote kabla hajaweka kidole kwenye ramani ya ukutani. Hata kwa Kimilili, ambako kila mtu anajua njia, aliinuka kiti kikilia, akaitafuta, akaigusa, ndipo akarudi kwenye redio na ile sauti yake ya taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kidole hicho kilikuwa kimeichakaza ramani hadi Bungoma haisomeki. Chepkosgei, aliyepokea simu kando yake, alipomtania alijibiwa, "Kichwa husahau, bana. Karatasi haisahau."

Asubuhi moja mpelelezi Kipkoech akaita kwa redio kutoka soko la Myanga. Yeye na wenzake walikuwa wakimfuata mtu aliyewauzia wakulima mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi, ati ni mbegu ya serikali, na sasa walikuwa wamepotea njia. Akalitaja jina la mtu huyo. Chepkosgei akangoja kiti kilie. Hakikulia.

"Piteni kanisa," mkuu alisema, ameipa ramani mgongo. "Mkifika kisimani, kushoto. Geti ni la mabati ya kijani. Mbwa ni mkali, lakini mkimwita Tosha atanyamaza."

Redio ikakoroma. "Sawa, mkubwa. Kuna lingine?"

"Kuna mama mzee huko jikoni." Sauti haikubadilika. "Msimtie kijana wake pingu mbele yake. Msalimieni mama kwanza."

Ndipo akainuka, akaitafuta Myanga, akaigusa, na kidole hakikutoka hapo.