Pini Mdomoni mwa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake hauna likizo. Ukimkuta hajabana pini kwenye kona ya midomo, ujue anakunywa chai, na hata hapo pini zenyewe amezichomeka kwenye ukosi, zinasubiri. Mtaa mzima unamjua kwa sare za shule, mapazia, na suruali za watu wanaonenepa halafu wanasingizia kitambaa. Lakini muulize mwenyewe kazi yake ni ipi, atakwambia anafundisha lugha.

Lugha yenyewe ni ya kwetu, ila sisi tuliozaliwa baadaye tuliitupa njiani bila hata kugeuka. Mimi naielewa, kuisema, hapana. Shangazi hilo lilimchoma. Akaanza kukusanya watoto wa mtaani wakitoka shule, anawakalisha juu ya marobota ya vitambaa, anawafundisha huku anashona kwa cherehani aliyorithi kwa bibi yangu, mama yake. Sheria ni moja tu: ukiropoka Kiswahili humo ndani, unapewa sumaku, unaokota pini zote sakafuni. Mimi, mpiga pasi wake, mtu mzima na heshima zangu, nimeokota pini mpaka magoti yameota sugu.

Tatizo lilikuwa nyimbo. Maneno Shangazi aliyapata kwa babu, lakini nyimbo zilikuwa za bibi, na bibi alifariki Shangazi angali mdogo. Za kubembeleza mtoto, za kufulia nguo, za kumcheka jirani mchoyo, zote alibaki nazo dada yake, Shangazi Mkubwa, mkaidi kuliko kufuli lenye kutu.

"Lugha ile ilikufa na mama," alikuwa akisema kwenye simu. "Mnataka nimwimbie nani, ukuta?"

Naye umri umekwenda, kifua kinambana, na sote tulijua akiondoka nazo ndiyo basi. Jambo hilo lilimnyima Shangazi usingizi. Alimbembeleza dada yake mpaka akakubali kuja, mara moja tu, awasikie watoto. Wakimkera anarudi kwake, na tusimtajie tena habari za nyimbo.

Siku hiyo Shangazi alifagia chumba utadhani anakuja mkaguzi. Pini akaziweka kwenye kopo, mdomo ukabaki mtupu, akawa hajui aufanyie nini. Shangazi Mkubwa akaingia, akakataa kiti kizuri, akakaa kwenye kile kibovu ili apate cha kulalamikia. Watoto wakasimama, wakaanza kumsalimia kwa lugha yetu.

Mungu wangu! Miezi yote ile nilikuwa nimeinamia pasi, sikuwa nimewatazama usoni. Wote, mkubwa kwa mdogo, walikuwa wamebana midomo upande mmoja, wanaongea kwa upande wa pili. Maneno yalikuwa sawasawa kabisa, ila yalipita kwenye upenyo. Kale kadogo kenye mapengo kalikunja mdomo mpaka jicho likajifumba. Ndivyo walivyomwona mwalimu wao kila siku, wakajua lugha hii ndivyo inavyosemwa.

Shangazi akanigeukia, amepigwa na butwaa. "Wanafanya nini hawa?"

"Wanakuiga wewe, Shangazi. Pini zako."

Akajishika mdomo. Nilimwonea huruma, kazi yake yote ile igeuke kichekesho mbele ya mtu aliyekuwa akitafuta sababu ya kuondoka.

"Nimewaharibu," akasema. "Dada, nisamehe, nilikuwa nawafundisha huku nashona..."

Shangazi Mkubwa akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amewainamia watoto. "Waendelee," akasema. "Hivyo hivyo, wasibadilishe kitu."

Wakaendelea. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka," akamwambia mdogo wake. "Mama alishinda kwenye cherehani hii, pini mdomoni kutwa nzima. Aliongea na sisi hivyo, akatugombeza hivyo, akatuimbia hivyo. Tangu tumzike naitafuta sauti yake kichwani, siipati. Hawa watoto wameitoa wapi?"

Shangazi akawa analia na kucheka kwa pamoja.

Shangazi Mkubwa akakivuta kiti chake kibovu mpaka kwenye cherehani. Mwanamke huyu hajawahi kushona hata kifungo. Akanyoosha kiganja, akasema kwa lugha yetu, ambayo sijawahi kumsikia akiitamka, "Nipe pini."

Akazibana kwenye kona ya midomo, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Watoto wakaanza kuitikia, midomo imepinda. Nikazima pasi nisije nikaunguza shati la watu. Kisha nikakaa chini katikati yao, nikabana midomo, na mimi nikaitikia.