Kiazi Mfukoni mwa Mzee Zenon

Ukikaa karibu na Zenon Pawlak uwanjani, usitegemee kutazama besiboli kwa raha. Miaka tisa nimekaa naye benchi moja, kule nyuma kabisa kusiko na paa wala pa kuegemeza mgongo, na sijawahi kumwona amekaa zamu moja kati ya zile tisa za mechi bila kuinuka. Anasimama, anatazama bendera zinapepea upande gani, anakaa, anapapasa mfuko wa koti, anasimama tena.

"Mzee, umekalia siafu?" namuuliza. "Kaa chini, unaniziba!"

"Samahani, Verna, samahani." Anakaa. Sijamaliza kumenya karanga mbili, keshasimama.

Nyumbani ni yale yale. Yeye na mkewe, Bi Halina, walikaa juu, mimi chini, kwenye nyumba ile ile ya matofali hapa Chicago, na nyayo zake nazijua kuliko nyayo za marehemu mume wangu. Anaoka mikate kiwandani usiku. Mimi nasafisha maofisi alfajiri. Mwaka ule wa themanini na mbili uwanja wetu ulikuwa bado hauna taa, mechi zote mchana, kwa hiyo watu wa kazi kama zetu tulikuwa na bahati. Usingizi tulilala tulipoupata.

Na msinidanganye kwamba mpira ni wa wenye nazo. Tiketi za benchi zetu zilikuwa zinauzwa asubuhi ya siku yenyewe tu, basi tunakwenda kwa miguu, tunapanga foleni mapema, tunaingia. Mikate ni ile iliyoungua kidogo ambayo kiwanda hakiuzi. Soseji na haradali za Bi Halina. Maji tunayagandisha kwenye chupa ya maziwa, tunaifunga gazeti, ikifika zamu ya tatu yameyeyuka ya kutosha kunywa. Karanga tunanunua nje kwa yule bwana wa darajani, maana karanga ile ile ikishavuka geti inapanda cheo. Karatasi ya kuandikia matokeo tunanunua moja, penseli ni yetu. Tulikuwa tunafaidi, nawaambieni.

Sasa kuna sheria moja huku nyuma, haijaandikwa popote. Mpinzani akiupiga mpira ukavuka ukuta ukatuangukia sisi, aliyeudaka lazima aurushe tena uwanjani. Hatuutaki. Si wetu. Ukijifanya kuuficha, utatukanwa wewe na mama yako aliyekuzaa, na bia utamwagiwa. Wajanja wanakuja na mpira wao mkuukuu mfukoni. Wanarusha huo, ule halisi wanakwenda nao nyumbani. Kila mtu anajua wajanja wapo, lakini hakuna anayetaka aonekane ni yeye.

Mzee Zenon alikuwa mjanja. Yaani, alijiandaa kuwa mjanja. Miaka kumi na miwili alikuwa na mpira kwenye mfuko wa kulia wa koti, ndani ya soksi, mpira waliomnunulia binti yao Krystyna alipokuwa mdogo, una alama za meno ya mbwa. Miaka yote hiyo hajapata nafasi ya kuutumia hata mara moja. Bi Halina alipokuwa bado anakuja, alikaa katikati yetu, na kila mpigaji wa wapinzani akitokea yeye anamgusa mumewe mfuko.

"Upo?"

"Upo."

Halafu mapafu yakamsaliti Bi Halina. Daktari akasema kipupwe kingine kimoja kando ya ziwa hili, basi tena. Krystyna akapiga simu kutoka Arizona, mama njoo huku, hewa kavu. Zenon alikuwa amebakiza miaka miwili apate pensheni. Akiacha kazi sasa, imekwenda na maji. Wakaamua mama aende, baba abaki. Treni ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Agosti.

Wiki moja kabla, nilikuwa juu kwao namsaidia kukunja nguo. Redio inasema, sisi tunafungwa kama kawaida yetu. Bi Halina akashusha pumzi, akasema, "Kama ni kwenda kukaa na nyoka jangwani, basi walau niende na mpira wetu."

Zenon alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Alisikia. Kesho yake alitoka na glavu ya ngozi ambayo sikuwa nimeiona tangu miaka ya nyuma.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza njiani.

"Hukumsikia? Anataka mpira wetu. Uliopigwa na kijana wetu, ukavuka ukuta, nikaudaka kwa mkono wangu. Zimebaki mechi saba za nyumbani kabla hajaondoka."

"Saba! Na vijana wetu hawa?"

"Saba zinatosha."

Hazikutosha. Wiki ile hata ungewarushia tikiti maji wangelikosa. Siku ya nne mmoja wao alibahatisha, mpira ukaja upande wetu, roho ikanipaa, ukaanguka benchi nne mbele mikononi mwa jamaa mmoja mnene wa bima aliyekuja mara moja kwa mwaka. Zenon akamwendea. Akamweleza habari ya mkewe, kofia mkononi, mtu mzima yule. Jamaa akacheka. "Mzee, mke wangu naye anautaka." Nilitaka kwenda kumzaba kibao, Orlo akanishika.

Orlo Haskins ni dereva wa basi, ana sauti ya kuamsha maiti, na ndiye kiongozi wetu wa kelele.

Usiku Zenon kazini, mchana uwanjani, katikati nyayo juu ya kichwa changu. Akifungua sanduku kuhakikisha sweta limewekwa, akilifunga, akilifungua. Nikamsikia Bi Halina akipiga kelele, "Nenda uwanjani, mwanamume wewe, unanichanganya!" Naye akaenda.

Jumamosi ikafika, mechi ya saba. Bendera zote zilikuwa zimeelekea ziwani, upepo unaotoa mipira nje, na mimi nikapata matumaini ya kijinga. Zenon hakula. Mkate wake nimekula mimi. Alikuwa anapapasa mfuko, anavaa glavu, anavua, anavaa.

"Leo, Verna."

"Inshallah, mzee, leo. Kaa."

Zamu ya sita, wapinzani wanapiga. Zenon kachoka kukaa, kasimama kwenye ngazi kunyoosha miguu. Likatokea jitu lao moja lenye mabega ya mlango, mrushaji wetu akalirushia mpira mwepesi wa kitoto, na gongo likalia. Huhitaji kuangalia. Sauti ile inakwambia. Mpira ukapanda, upepo ukauchukua, ukavuka ukuta wetu uliofunikwa na majani ya kutambaa, ukashuka wala haukuyumba, ukaingia kwenye glavu ya Zenon Pawlak kama vile ulikuwa na anwani yake.

Alibaki ameutazama.

"Rudisha!" Orlo akaanza. "Si wetu! Rudisha!"

Benchi zote zikapokea. Watu elfu mbili tatu, wanapiga miguu, "Si wetu! Rudisha! Si wetu! Rudisha!" Mbao zinatetemeka chini yangu.

Nilimwona anavyofikiri, wazi kabisa. Kesho anaondoka. Hakuna mechi nyingine. Wa wapinzani, ndiyo, lakini umetoka uwanja huu, siku hii, na nani atamwambia Halina? Akageuza bega, mkono wa kulia ukaingia mfukoni. Miaka kumi na miwili alikuwa akiisubiri dakika hiyo. Akavuta kutoka ndani ya soksi, akainua mkono juu, watu wakashangilia, akajivuta nyuma arushe kwa nguvu zake zote.

Mimi nilikuwa chini yake kidogo. Nikaona.

"Mzee!" nikamdaka mkono. "Mzee, hicho ni kiazi!"

Akakitazama. Kiazi. Kiazi cha mviringo, kimeoshwa vizuri, na kijicho kimoja.

"Haa!" Orlo akapasuka. "Mzee alitaka kutubadilishia! Na kiazi! Jamani, kiazi kimeshika kiazi!"

Mstari wote ukaanguka kwa kicheko, na nyuma wasiojua bado wanaimba rudisha, rudisha. Maskini Zenon alikuwa mwekundu hadi masikioni. Nilitaka ardhi ipasuke, na haikuwa hata aibu yangu. Akarudisha kiazi mfukoni polepole. Akautoa mpira kwenye glavu, akaushika sekunde moja zaidi ya ilivyotakiwa, akaurusha. Ulikwenda mbali. Sikujua mkono ule wa kukanda unga una nguvu hizo. Uwanja mzima ukalipuka, Orlo akamkumbatia, mtu akamletea bia ya bure.

Akakaa. Zamu tatu zilizobaki, kina Orlo wakisimama na kukaa, yeye hakuinuka hata mara moja, na mimi ndiye niliyeshindwa kutulia.

Njiani akasema, "Usimwambie."

"Mzee, redio imemwambia tayari."

Imemwambia kweli. Tulimkuta kwenye kiti cha dirishani, anacheka mpaka anakohoa. "Mzee mwenye kofia ya kahawia! Mtangazaji kasema mkono wake ni mzuri kuliko wa mrushaji wetu! Nikasema, huyo ni wangu!"

Zenon hakucheka. Akaweka kiazi mezani.

"Halina. Hiki nini?"

"Kiazi."

"Najua ni kiazi! Mpira wangu uko wapi?"

"Kwenye sanduku, katikati ya masweta. Nimeutoa leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Si nilisema naenda na mpira wetu?"

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, na sikujua nitoke au nibaki.

"Wetu," Zenon akasema. "Mpira *wetu*."

"Sasa mwingine upi? Ule wa Krystyna, nilioushika mfukoni mwako miaka yote. Nina shida gani mimi na hao vijana wasiojua kupiga? Ningekuomba, ungeshinda unazunguka nyumba unapapasa mfuko mtupu. Nikakuwekea kitu chenye uzito, usijue mpaka nimefika huko."

Zenon akakaa kitandani, kando ya sanduku. "Siku saba, Halina. Nimekuacha siku saba na redio. Nilikuwa nakutafutia mpira."

Bi Halina aliacha kucheka. Akamtazama yule mzee, glavu bado mkononi, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Mimi nilidhani unakimbia," akasema. "Nilidhani huwezi kuniangalia nikifunga mizigo. Ndiyo maana nilikuwa nakufukuza, uende."

Hapo nikatoka, maana nilikuwa nalia na mimi sipendi watu wanione. Nilikuwa na hasira pia, sijui na nani. Neno moja lile! Mmoja wao angeuliza tu, upi? Na mimi mwenyewe, niliyekuwa pale nakunja nguo, mbona sikuuliza? Zenon alipeleka habari kiwandani kwamba anaumwa, mara yake ya kwanza, na usiku ule juu ya dari yangu hapakuwa na nyayo. Asubuhi pia hapakuwa. Saa tisa alasiri nilisikia sanduku likishuka ngazi, yeye mbele, mkewe nyuma, wanapumzika kila ngazi ya tatu.

Timu ilisafiri, ikarudi baada ya siku kumi. Nilimkuta kwenye foleni saa mbili asubuhi, koti lile lile na joto lote lile. Tukaingia, tukakaa, tukaacha nafasi katikati bila kuambiana. Wapinzani wakaanza kupiga. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye mfuko, unapapasa, unarudi, unakwenda tena.

"Una nini humo?" nikauliza.

Akakitoa kidogo, nikaona. Kilikuwa kimesinyaa, na kile kijicho kimechipua, kijani.

Mpigaji wao mwingine alikuwa anatoka, Orlo ameshaanza kelele zake. Nikanyoosha mkono nikamgusa mfuko.

"Upo?"

"Kipo," akasema, akasimama, akaniziba.