Kalipa Nyekundu za Baba Eveline

"Baba Eveline, kwa nini gari likisimama anayeshuka kwanza ni mama?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, nimebanwa kiti cha nyuma cha gari alilolitengeneza mwenyewe uani kwake, hapa Mbalizi. Alicheka tu, akasema Mama Eveline ndiye anayejua kuchagua jiwe.

Jina lake ni Anyelwisye, jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Gari lile alilijenga miaka minne: fremu ya pikapu iliyopinduka, injini ya gari jingine, bodi ya mabati aliyoyakunja mwenyewe. Mtaa ulimcheka mpaka siku lilipowaka. Mkewe ni fundi cherehani. Sare zangu tangu chekechea alishona yeye, na sijaona mtu mwingine anayekata kitambaa bila kuchora chaki. Mikono yake ndiyo iliyolisha nyumba wakati mume amelala chini ya gari.

Kisa kilianzia kwenye kalipa za nyuma, vile vyuma vinavyobana diski tairi lisimame. Za mwanzo ziliganda kwa kutu. Akaenda mjini kwa Iqbal, muuza spea za mtumba, mimi na binti yake Eveline tukamfuata. Iqbal akamtolea jozi mbili. Moja ndogo, imepauka, ina kimkono pembeni cha kufungia waya wa hendibreki. Nyingine kubwa, nyekundu, imetoka kwenye gari la kifahari, ila haina pa kufunga waya.

"Fundi, chukua hizi ndogo," Iqbal alisema. "Nyuma huhitaji nguvu. Unahitaji gari likae."

Baba Eveline akazigeuzageuza zile nyekundu. Akasema hizi zitaonekana hata kwenye matundu ya rimu, na habari ya kukaa, mbona Mbeya nzima tunaweka jiwe. Mimi na Eveline tukashangilia nyekundu, naye akazinunua. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Injini yenyewe ilikuwa imechoka, hata ukiiacha kwenye gia haishiki mlimani. Kwa hiyo kwenye mteremko mama anashuka na jiwe, anainama, analisukuma chini ya tairi, anagonga bodi mara mbili. Ndipo mume anainua mguu kutoka kwenye breki. Wauza ndizi wa stendi wakawa wanatania kwamba gari la Anyelwisye lina breki mbili, moja mguuni mwake, nyingine mikononi mwa mkewe. Baba Eveline naye alicheka pamoja nao.

Mwaka juzi Eveline aliolewa Kalenga, Iringa. Wazazi walikwenda na gari lao, mama amepakata nguo za sherehe alizoshona. Huko mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Karibu na nyumba ya wakwe kuna kilima kifupi cha udongo. Mama akashuka, akaweka jiwe, akagonga mara mbili. Mume akainua mguu. Jiwe likateleza kwenye tope, mama akaliwahi kwa mkono wa kulia, na tairi likaupanda.

Hospitali walimkata vidole viwili. Vilivyobaki havikunji. Cherehani imefunikwa kanga, na sare yangu ya mwaka huu nilinunua dukani, mabega yamepwaya.

Baba Eveline alirudi kwa Iqbal kuchukua zile ndogo. Iqbal hakumkumbusha neno, alimuuliza hali ya mama tu. Siku hizi gari linakaa popote.

Mwezi uliopita walinipa lifti kutoka shule. Tuliposimama kwenye mteremko wa nyumbani, mama alifungua mlango upesi, mguu mmoja nje. Baba Eveline akavuta hendibreki, akamgusa bega.

"Kaa, Mama Eveline. Limeshika."

Mama akakaa kidogo, akajicheka, kisha akashuka taratibu akaingia ndani. Sisi wawili tukabaki garini. Sikuwa nimepanga, nikajikuta nimemuuliza tena swali langu la darasa la tatu. Safari hii hakucheka. Aliangalia pedali.

"Kwa sababu mguu wangu ulikuwa kwenye breki," alisema. "Ningechukua zile ndogo, ningeshuka mimi."