Kilichokuwa Chini ya Kawa

Sie tuliokulia Chamazi wakati barabara ikiwa bado mchanga mtupu, asubuhi tuliijua kwa pua kabla ya macho. Mchaichai ulinukia kutoka kwenye birika, jiko la mkaa likatema cheche, kisha tukasikia mwiko ukikwangua ukoko wa wali wa jana. Hakuna aliyeulizwa anataka kula nini. Watoto wa siku hizi wanajichagulia dukani boksi la nafaka lenye katuni, na bado wananuna.

Mama yetu, mtu wa Masasi, alikuwa na desturi yake. Alipasha kiporo au kuchemsha kitu kingine, akakipanga kwenye sinia na kukifunika kwa kawa. Sisi watano tukakaa mkekani, mikono nyuma. "Nuseni kwanza," alisema. "Anayefunua hali." Basi ubishi! Kaka aliapa ni muhogo, dada Rehema akasema viazi vitamu, mie nikang'ang'ania magimbi. Mama akauliza, "Umejuaje?" Hapo ndipo penye kazi, maana ilibidi ueleze: jana nilikuona ukimenya, au harufu ina nazi. Tulipofunua, chai nayo ilikuwa imeshapoa kiasi cha kunyweka.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Zawadi, binti wa dada Rehema, mwenye miaka mitano. Dada anatoka kwenda kazini alfajiri, na mie, mhitimu ninayesubiri kuitwa kwenye usaili, ndiye ninayemwandaa. Hivi karibuni mwalimu wake wa chekechea aliniita pembeni. "Mamdogo, mtoto anasinzia, na akiulizwa kitu ananyamaza tu. Asubuhi anakula nini?" Akaongeza kwamba ikiendelea hivi, wenzake watakwenda darasa la kwanza, yeye atabaki.

Sikula siku hiyo. Zawadi alikuwa akinywa chai ya rangi na andazi huku akivaa viatu. Je, nimemharibia ubongo? Nikasoma kwenye simu kila kitu kuhusu akili za watoto, nikaona nisiache hata kimoja. Nikapeleka mashineni mahindi, ulezi, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote ndoo moja. Msagaji akachungulia.

"Sista, unalisha mtoto au unafungua duka?"

"Ni unga wa lishe, kaka."

"Haya. Ila paka wa mtaa mzima watahamia kwenu."

Zawadi alionja kijiko kimoja. "Mamdogo, uji una samaki." Kuanzia hapo ikawa kufukuzana na kikombe kuzunguka nyumba, gari la shule likipiga honi, wote wawili tukikaribia kulia.

Mwisho wa wiki mama akaja kututembelea kutoka Kibamba, anakoishi na kaka. Aliuonja uji wangu, akameza kwa adabu. Asubuhi yake nilimkuta ametandika mkeka, sinia katikati, kawa juu.

"Nusa kwanza, mke mwenzangu," alimwambia mjukuu wake.

Zawadi aliinama mpaka pua ikagusa kawa. "Yai!"

"Umejuaje?"

"Jana kuku wa jirani alipiga kelele sana."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Chini palikuwa na yai, viazi vitamu na maharage ya nazi. Mtoto alimaliza vyote, akauliza kama kesho kuku atapiga kelele tena.

Tangu siku hiyo nawaza: sisi tulijengwa na kile chakula, au na ule ubishi? Au ni kule kukaa tu bila kukimbizwa? Siku nyingine chini ya kawa palikuwa na muhogo mkavu tu, na darasani tulisinzia vilevile. Nimeanza tu kuamka mapema zaidi. Leo uji wa ulezi na karanga, kesho viazi na yai, dagaa wamerudi kwenye mboga.

Juzi mwalimu aliniambia Zawadi amenyoosha mkono. Jibu halikuwa sahihi, lakini alieleza kwa kirefu amejuaje.

Kitu kimoja tu kinaniuma. Sie tulikuwa watano kulizunguka lile sinia, yeye hana wa kubishana naye. Kwa hiyo siku hizi nikishafunika, nakaa mkekani, naweka mikono nyuma, namwambia ni magimbi.